Masharubu ya Masizi

Ulimwengu niliouona asubuhi ile kutoka mgongoni mwa farasi ulikuwa wa manjano. Nyuzi za maua zilishuka kutoka kwenye kilemba changu hadi kifuani, zikawa zinachezacheza mbele ya macho kila farasi alipopiga hatua, na kati ya uzi na uzi palipita ukungu, kisha mti, kisha ukungu, kisha bata wawili juu ya maji ya mfereji, kisha ukungu tena. Ndivyo bwana harusi wa kwetu anavyokwenda kumchukua mkewe: uso umefichwa na maua, kana kwamba mwari ni yeye. Ila bwana harusi wa siku ile nilikuwa mimi, Bhateri, mke wa Jaimal, mama wa watoto wawili, na masharubu niliyokuwa nayo nilichorwa alfajiri kwa masizi ya kikaango cha chapati.

Wako wanaosema ya kale hayanuki. Hao hawakukaa kijijini kwetu Dhamori mwaka ule wa Hali ya Hatari, Delhi ilipotuhesabu, ikaona tumezidi, ikaamua kutupunguza kama mtu anavyopunguza miche kitaluni. Kila mtumishi wa serikali alipewa idadi yake ya wanaume wa kupeleka kufungwa uzazi. Karani alikuwa na idadi yake, polisi yake, mwalimu yake. Asiyeitimiza, kazi hana. Na mtu aliyepewa idadi haoni tena watu. Anaona vichwa.

Ukutani mwa shule walichora pembetatu nyekundu iliyopinduliwa, na chini yake maneno: Sisi wawili, wetu wawili. Mimi sikuwahi kukaa darasani hata siku moja. Lakini mwanamke aliyeshusha ushungi hadi kidevuni haoni mbingu, huona ardhi na miguu ya kuta. Na mchoraji, kwa uvivu wa kupanda ngazi, alikuwa ameyaandika maneno yale chini kabisa, kwa herufi kubwa kama ndama waliolala. Kila nilipokwenda kisimani niliyapita. Nikamuuliza binti wa jirani yanasemaje, akanisomea mara moja, nami nikaanza kulinganisha: sauti hii na ndama huyu, sauti ile na ndama yule. Ndivyo nilivyojua kusoma. Herufi zangu za kwanza nilizipora kwa adui.

Nalo neno lao lilikuwa jina langu kabla halijawa sera. Nilizaliwa binti wa nne, na kwetu binti ambaye hakutakiwa huitwa Bhateri, yaani basi, wametosha, Mungu asilete mwingine. Kipaza sauti cha serikali kilipopita kikitangaza kwamba watu wametosha, nilisimama na mtungi kichwani nikasikiliza kama mtu anayeitwa.

Malori yalipokizingira kijiji cha jirani na kuwabeba wanaume wote, vijana na vikongwe, wanaume wetu walihamia kwenye miwa. Wiki sita waliishi humo. Tuliwapelekea chapati na maziwa ya mgando, tukaviacha pembezoni, na mkono ukatoka katikati ya majani ukavichukua. Tulizoea. Shamba likikohoa mara mbili, huyo ni baba mkwe; likipiga chafya, huyo ni Jaimal. Asubuhi za ukungu moshi wa kiko cha maji ulipanda juu ya majani, ungedhani miwa yenyewe inavuta tumbaku na kuwaza. Sisi wanawake tulibaki na kijiji kizima mikononi, kimya, kikubwa, kama nyumba ya mtu aliyesafiri.

Katikati ya hayo ikafika siku ya harusi ya Sumer, shemeji yangu mdogo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na masharubu ambayo pande zake mbili hazijakutana. Mchumba wake, Birmati wa Nagla Bani, alikuwa ameshapakwa manjano, na msichana aliyepakwa manjano halafu msafara usifike siku iliyotajwa, kwetu hana tena wa kumwoa: husemwa ana nuksi. Lakini njia ya Nagla Bani ilipita darajani, na darajani ndipo lilipoegeshwa gari la serikali. Wiki iliyotangulia walimshusha bwana harusi mmoja juu ya farasi wake, manjano bado mikononi. Walimrudisha jioni na kopo la samli, zawadi ya serikali kwa mtu aliyekubali. Alikuwa hajauona hata uso wa mkewe.

Ukoo ulikaa shambani kushauriana, wanaume ndani ya miwa, sisi nje. Baba mkwe akasema harusi iahirishwe, kwani msafara usio na wanaume ni msafara gani?

Mama mkwe wangu, Sarbati, alikuwa amebakiwa na meno manne tu, lakini ulimi wake ulikuwa na ya kwake.

“Wanaume?” akauliza. “Wako wapi, mzee? Mimi hapa naona miwa tu.”

Miwa ikanyamaza.

Basi akaeleza anachotaka. Kwetu wanawake hawaendi na msafara wa harusi. Wanaume wote wakishaondoka na bwana harusi wao, sisi hubaki na kijiji peke yetu, tukavaa nguo za waume zetu, tukachorana masharubu ya masizi, mmoja akawa bwana harusi na mwingine mwari, tukaozana kwa matusi na vicheko hadi mbavu zikauma. Ni mchezo, na mwanamume haruhusiwi kuuona. Sarbati alitaka safari hii mchezo upande farasi. Wanawake kumi na wanne tungepita barabara kuu na ngoma na tarumbeta, ili wenye gari watuandame sisi. Sumer, baba yake na mjomba mmoja wangepita kwa miguu kando ya mfereji, ndani ya matete, wamevaa kama wakata miwa, kilemba cha harusi kimefichwa guniani. Ndoa ifungwe adhuhuri badala ya jioni. Sisi tuwashikilie wenye gari mpaka hapo.

Jirani yetu Risalo akauliza nani atakuwa bwana harusi, ingawa wote walikuwa wameshanigeukia. Mimi ndiye mrefu.

Mkono wa Jaimal ukatoka kwenye miwa umeshika kilemba chake. “Usikichafue,” sauti ikasema.

Sijui nieleze vipi safari ile. Miaka mitano nilikuwa nimeishi Dhamori na sikuwa nimekiona kijiji. Nilikuwa nimeona kiasi kile kinachoonekana chini ya ushungi, visigino, kwato, kingo za mitaro. Sasa nilikuwa juu, uso wangu umefunikwa vilevile, ila kifuniko hiki kilikuwa cha heshima na watu walikipisha njia. Niliona mapaa. Niliona kwamba mwarobaini wa kisimani, ambao shina lake nililijua kama ninavyojua mguu wangu, una kiota cha kipanga kileleni. Ukungu ulikuwa umekata miguu ya kila kitu, hata nyati wa maziwa walikuwa wakielea. Nyuma yangu wanawake walijizoeza uanaume: walikohoa, walitema mate, walijikuna mahali pasipowasha. Risalo alitembea kama aliyemeza ngazi. Ngoma ililia, na mimi nilikuwa nikipanda na kushuka na pumzi ya farasi, nikiwaza kwa utulivu wa mtu anayeota: kumbe haya yote yalikuwapo. Yalikuwa hapa hapa, kila siku, na nilifichwa nisiyaone.

Gari lilikuwa darajani. Kando yake alisimama ofisa, mtu mnene mwenye koti la sufu, na polisi wanne, na Mwalimu Om Dutt wa shule yetu akiwa na daftari kubwa kifuani. Mwalimu huyu alikuwa mtu mkimya, mwenye binti mmoja wa miaka mitatu ambaye alizoea kumbeba begani sokoni bila haya, jambo ambalo wanaume wengine walilicheka. Alikuwa ametakiwa vichwa vitano na hakuwa na hata kimoja.

Ofisa alituhesabu kwa kidole, midomo ikimcheza. Akamwambia Mwalimu kwamba leo Mungu amewakumbuka.

 Macho ya Mwalimu yalikuwa yameteremka hadi mguuni pangu. Viatu vya Jaimal vilinipwaya, na kiatu cha kushoto kilikuwa kimechomoka nusu. Vidoleni mwangu pete mbili za fedha, pete za mwanamke aliyeolewa, zilikuwa zinang'aa kama macho ya paka. Nikaona kwamba ameziona. Nikangoja. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shali yake, taratibu, kwanza kioo kimoja kisha cha pili, akaivaa tena.

“Ni msafara, Bwana Ofisa,” akasema. “Tuwapeleke shuleni.”

Shule ilikuwa imefungwa kwa watoto tangu kambi ya kufunga uzazi ije. Uwanjani palisimama hema jeupe, ubavuni mwake makopo ya samli yamepangwa kama matofali, na harufu ya spiriti ilikaa juu ya kila kitu kama baridi. Ofisa alitaka tuingizwe hemani mara moja. Mwalimu akamweleza kwa upole kwamba wakubwa walilirudisha daftari la juzi, wakasema majina ni ya kubuni. Safari hii yaandikwe kamili. Ofisa akaenda kunywa chai. Tukaketishwa barazani kwa mstari, na mimi wa kwanza.

Sasa kuna jambo. Mwanamke wa kwetu hatamki jina la mumewe. Hatamki la baba mkwe wala la kaka mkubwa wa mumewe. Akitaka kumtaja mumewe husema “baba wa fulani,” au “yule wa nyumbani,” au huonyesha kwa kidole. Kila umtajapo, wanasema, unampunguzia siku za kuishi. Katika kuchorana masharubu na kukazana vilemba hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelikumbuka hilo.

“Jina?”

“Sumer,” nikasema kwa sauti ya chini ya koo. Huyo ni shemeji mdogo, anatajika.

“Mwana wa nani?”

Jina la baba mkwe lilikuwa kinywani mwangu kama jiwe la chumvi. Miaka mitano nilimwandalia mtu yule chakula, na jina lake halikuwahi kugusa ulimi wangu. Nikaliachia.

“Harkesh.”

Hakuna kilichotokea. Ukungu ulikuwa pale pale, hema pale pale, mbingu haikudondoka. Nikahisi ulimi wangu umekuwa mwepesi kwa namna ya ajabu, kama mguu uliovuliwa pingu na bado haujui upige hatua gani.

Mwalimu alichovya kalamu. Aliandika jina lile herufi moja moja, kama anachonga. Kisha akauliza na huyo Harkesh ni mwana wa nani. Dalel. Na Dalel? Tokha. Wino ukakauka, akachovya tena. Kalamu ikadondosha doa. Akatafuta chaki ya kulifyonza. Na Tokha? Nilikuwa nimelisikia jina hilo mara moja tu, likiimbwa na msimulizi wa nasaba aliyekuja harusini kwangu, nami nikiwa nimejikunja chini ya kitambaa chekundu. Nililitafuta. Mwalimu alinisubiri. Wakati ule ndipo nilipoelewa kwamba hatuandikishwi, tunangojewa; kwamba mtu huyu anazimimina dakika zake mwenyewe kwenye matete ya mfereji, mahali anapopita kijana asiyemhusu kitu.

Tulifika babu wa saba. Ofisa akarudi akiwa na kikombe, akachungulia daftari.

“Mwalimu, unaandika majina au unaandika historia ya India?”

“Nimemaliza wa kwanza, Bwana Ofisa.”

Wa pili alikuwa Risalo, ambaye ushujaa wake wote ulikuwa kwenye mabega. Alipoulizwa jina alikikaza kilemba chake. Akakohoa. Akatutazama sisi. Jasho likaanza kumtiririka kwa baridi ile, likapitia katikati ya sharubu la kulia.

“Baba Dholu,” akasema mwishowe.

Mwalimu akamwambia anataka jina lake, si la baba wa mtu.

“Ndiyo lenyewe,” akasema Risalo, karibu kulia. “Baba Dholu.”

Mwishoni mwa mstari mtu akacheka, na kicheko kile kilikuwa chembamba na kirefu kama cha mwari. Kikombe cha ofisa kikasimama hewani. Hata polisi, ambao wana wake nyumbani, walifahamu hapo hapo, na mmoja wao akaugeukia ukuta mabega yakimtetemeka.

Jua lilikuwa limeshavuka paa la shule. Nikainua mwenyewe maua kutoka usoni, kwa mikono miwili. Ofisa aliyatazama masharubu yangu, akauliza kwa sauti ndogo kabisa bwana harusi yuko wapi.

“Ameshaoa,” nikasema.

Hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza kumwambia mwanamume mgeni, uso wazi, kwa sauti yangu. Sarbati, kwa upande wake, alikuwa amekwenda kukaa juu ya makopo ya samli, akijipepea na kilemba cha mumewe, akimuuliza ofisa kama mama yake mzazi anajua kazi anayoifanya.

Hakuthubutu kutupiga. Alimgeukia aliyekuwa karibu na mnyonge. Alimuuliza Mwalimu kama kweli hakuona. Mwalimu akasema miwani yake ina ufa. Ofisa akasema vichwa vitano, kabla ya jua kuzama, la sivyo asije kesho. Sisi tukafukuzwa kama kuku.

Langoni niligeuka. Mwalimu Om Dutt alikuwa amelifunga daftari na kuliweka juu ya kiti. Alivua shali akaikunja mara nne, akaiweka juu ya daftari. Akavua miwani, akaiweka juu ya shali. Kisha akainama akaingia hemani mwenyewe. Ndivyo serikali ilivyopata kichwa chake kimoja siku ile. Kijiji kizima kilijua, na kwa kuwa hakuna aliyejua la kusema, hakuna aliyesema. Kesho yake alionekana amesimama barazani, chaki mkononi, mbele ya darasa lisilo na watoto.

Baada ya miezi minne zikaja kura, tukaiangusha serikali ile. Wanaume walitoka kwenye miwa wakiwa na ndevu na nyimbo, na katika nyimbo hizo wao ndio waliokuwa mashujaa. Sikulalamika. Nilikuwa nimeshaanza kusoma chochote kilichokuwa na herufi, gazeti lililofungiwa sukari, notisi za mahakama, na nilikuwa nimelichukua jina la Jaimal nikalitumia mchana kweupe. Alinuna mwezi mzima. Bado yu hai.

Lakini nisomavyo, na nikumbukavyo, serikali husahau njaa yetu, haisahau kilichoiangusha. Iliyokuja baada ya ile ililijua somo: mwanamume usimguse, ana kura na ana fimbo. Hesabu haikufutwa, idadi hazikufutwa, vichwa vilihitajika vilevile. Walitugeukia sisi. Na kwetu hawakuhitaji malori wala polisi darajani. Tulipelekwa na waume zetu.

Mwaka wa nane baada ya harusi ile, majira yale yale ya ukungu, kambi ilirudi shuleni. Birmati, mke wa Sumer, alikuwa amezaa mabinti watatu na mwishowe mwana, na mwana huyo alikuwa na siku arobaini. Kwa kuwa sasa kuna wa kiume, ukoo uliona ameshamaliza kazi. Alinijia jikoni, amejifunika blanketi la manjano, mkono wake ukiwa wa moto kama kikaango.

“Dada, mimi sikatai kufunga,” akasema. “Nimechoka, nataka nipumzike. Lakini si leo. Leo hata kusimama siwezi.”

Homa ile haikuwa imemwacha tangu ajifungue. Mwaka uliotangulia wanawake wawili wa ng'ambo ya mfereji waliingia kambini na homa. Mmoja alirudishwa kwenye tela, amefunikwa hadi usoni. Mhudumu wa afya, mwanamke mwema aliyewajua watoto wetu wote kwa majina, alilijua hilo. Lakini naye alikuwa na idadi, na Birmati ameshaandikwa katika orodha yake.

Nilimkuta Sumer akitandaza majani makavu kwenye tela la trekta ili mkewe akae vizuri. Simsingizii, alimpenda. Nikamwambia mkewe anaumwa.

“Ni baridi tu hiyo, shemeji. Si kuna daktari pale pale?”

“Daktari ana wanawake arobaini na alasiri moja. Ngoja wiki tatu apone. Au nenda wewe. Ya mwanamume ni ndogo, unarudi kwa miguu yako.”

Akacheka, kwa uso ule ule mzuri tuliouficha kwenye matete. “Mimi tena? Halafu nani alime?”

“Mwalimu Om Dutt alishika chaki kesho yake.”

Kicheko kikamwishia. Aliinama akaendelea kunyoosha majani, na kwa muda nilidhani neno limeingia.

“Yale yalikuwa dhuluma, shemeji,” akasema. “Haya ni uzazi wa mpango.”

 Nilisimama pale kwenye ukungu nikiwa na hasira ya miaka minane, nikiona jinsi neno zuri linavyovikwa juu ya kisu kile kile. Nilimtazama kijana niliyempandia farasi, na kwa mara ya kwanza nikatambua kwamba katika kumbukumbu yake barabara ile haikuwa na mtu. Anachokumbuka ni matete, na ujasiri wake mwenyewe wa kupita.

Nilipogeuka nikamwona Sarbati mlangoni. Sasa hakuwa na jino hata moja, na alikuwa akikanda unga. Alikuwa amesikia yote.

“Mkokoteni utakuwa kwenye matete, nyuma ya shule,” akasema, bila kuinua macho. “Nitampeleka mwenyewe kwa mama yake, yeye na mtoto. We kazi yako ulimi.”

Nilipanda tela pamoja na Birmati. Hakuna aliyeniuliza, nilikuwa na watoto watatu, ilionekana kama nimetia akili. Barazani palikuwa pametandazwa majani makavu, na wanawake walikaa juu yake wamejifunika mashungi, kimya, mstari mrefu uliopinda hadi kwenye mlango wa nyuma unaotazama mfereji. Madawati ya watoto yalikuwa yameunganishwa mawili mawili yawe vitanda. Utaratibu ulikuwa huu: karani anaandika jina, anakata kipande cha plasta, anaandika namba, anakubandika kwenye paji la uso. Ukishabandikwa namba, hutoki. Daktari alikuwa wa kutoka mjini, na gari lake lingeondoka saa kumi na moja, zamu ikufikie isikufikie.

Birmati alikaa mwisho wa mstari, kando ya mlango. Mimi nilipenya nikawa wa kwanza.

Karani alikuwa kijana wa kiume, mikono imemfa ganzi kwa baridi. Mwisho wa baraza, mlangoni mwa darasa lililofungwa, alisimama mzee mwembamba na chaki kwenye mfuko wa shati, nywele zake zote nyeupe sasa. Alinitambua. Nikaona mkono wake ukipanda kwenye miwani.

“Jina?” karani akauliza.

“Bhateri.”

“Mke wa nani?”

“Jaimal.”

Jina lile lilipotoka waziwazi, mashungi yakageuka mstari mzima. Nyuma yangu mtu alivuta pumzi. Alikuwa Risalo, mwenye mvi, aliyemleta mkwe wake. Alinitazama mdomo. Nilikuwa nimetoka jikoni bila kunawa, na labda kidole changu chenye masizi kilikuwa kimepita hapo.

“Haya, weka dole gumba.”

“Andika kamili, mwanangu,” nikasema. “Wakubwa wako hurudisha daftari. Jaimal mwana wa Harkesh.”

Akaandika. Baridi ilikuwa kali na wino wake mzito. “Mwana wa?” akauliza, kwa uchovu.

“Dalel.”

Nyuma yangu nikasikia Risalo akikohoa, kikohozi kinene, cha mwanamume. Mwanamke wa tatu akakohoa. Halafu wa nne. Mzee mwenye chaki alikuwa ameivua miwani yake na anafuta kioo cha kwanza, taratibu.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, nje ukungu umekata miguu ya kila kitu. Mahali alipokuwa amekaa Birmati niliona majani makavu, au niliona kivuli juu ya majani makavu. Mbali, kati ya tete na tete, kitu cha manjano kilikuwa kikielea, kikipotea, kikielea tena.

“Na huyo Dalel?” karani akasema, kalamu hewani. “Mama, mwana wa nani?”

Nilifumba macho. Walikuwa wanasubiri wote, baraza zima.

“Subiri,” nikamwambia. “Ngoja nikumbuke.”